Luapula Alfajiri: Shamba ni Mlinzi wa Mto

Jina la Sakania likitajwa, wengi hukumbuka reli na forodha. Si ajabu. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, ikaingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Na tangu siku zile mji huu umekuwa mlango wa Katanga. Malori husimama mstari mrefu yakingoja karatasi, mabehewa hupita na mizigo, watu huvuka kwenda Ndola na kurudi. Lakini wilaya ya Sakania ina upande wa pili, ambao wapitaji hawautazami sana. Upande huo ni wa maji.

Chukueni ramani, enyi wanafunzi, mtaona kwamba nchi ya Kongo imenyosha mguu wake ndani ya Zambia. Mguu ule ndio nchi ya Sakania. Upande wake wa mashariki hupita mto Luapula, nao ndio mpaka. Mto huu hutoka katika ziwa na mabwawa ya Bangweulu, huko Zambia. Kwanza hushuka kusini. Kisha hugeuka magharibi, na mwisho hupanda kaskazini mpaka ziwa Mweru, safari ya zaidi ya kilomita 500. Tangu mwaka 2008 lipo daraja kubwa huko Chembe, lenye jina la Levy Mwanawasa, aliyekuwa Rais wa Zambia. Kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa pantoni.

Mto wa juu una maporomoko mengi, kwa hiyo mitumbwi ya biashara haiwezi kusafiri mbali. Maporomoko ya mwisho ni Mambilima, ambayo zamani Wazungu waliyaita Johnston. Chini ya hapo maji hutulia na kupanuka, na ukingoni upo mji wa Kasenga, kilomita zipatazo 200 kutoka Lubumbashi. Basi anayetaka kuona soko juu ya maji hana budi kuufuata mto mpaka Kasenga, na kutoka hapo kuteremka nao kuelekea ziwani. Twendeni huko pamoja, tuingie mtumbwini kabla ya jua kuchomoza. Lakini tusiende kwa kutazama tu. Tunalo swali moja la kuchukua safarini: samaki tunaowakuta leo sokoni, je, wajukuu wetu watawakuta?

KABLA YA JUA

Yapata saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umelala juu ya maji, na kando zote mbili matete na mafunjo yamesimama kama ukuta. Mpiga pondo husimama nyuma ya mtumbwi, akiusukuma bila kelele, maana kiboko hapendi kuamshwa vibaya. Hapa na pale husikika sauti za wavuvi wanaotoa nyavu walizotega jioni. Mmoja huvuta wavu, mwenzake huushika mtumbwi usizunguke. Samaki hutolewa mmoja mmoja katika matundu ya wavu, kwa subira. Mwenye haraka huuchana wavu, na wavu ni mali.

Ukiteremka mpaka ziwani, utaona jambo jingine. Katika usiku usio na mbalamwezi, ziwa Mweru huwa kama mji wenye taa. Hao ni wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao hawazidi kidole kwa urefu. Taa huwashwa juu ya mtumbwi. Mwanga huwavuta wadudu na viumbe vidogo vya majini, na chisense hufuata chakula hicho mpaka juu. Ndipo wavu wenye matundu madogo huwazunguka na kuwainua. Zamani zilikuwa taa za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Kunapopambazuka, taa huzimwa moja baada ya nyingine, na mitumbwi hurudi ufukoni. Chisense hutandazwa juu ya mchanga. Jua likiwa kali, hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, kazi ya usiku kucha huoza mbele ya macho ya mwenyewe.

SOKO LISILO NA UKUTA

Duniani yako masoko ya majini yaliyo mashuhuri. Nchini Thailand lipo la Damnoen Saduak, ambako akina mama huuza matunda na vyakula wakiwa ndani ya mashua katika mifereji. Nchini Vietnam lipo la Cai Rang, karibu na mji wa Can Tho. Huko muuzaji hutundika nanasi au kabichi juu ya mlingoti, ili mnunuzi ajue toka mbali kinachouzwa. Nasi Wakongo tunalo letu. Katika mto Kongo, kati ya Kinshasa na Kisangani, safari ya kilomita zipatazo 1,700, mitumbwi huikimbilia meli ingali ikienda, hujifunga ubavuni mwake, na papo hapo watu huuziana samaki wa moshi, mihogo, chumvi, sabuni na nguo.

Soko la Luapula ni dogo kuliko hayo, wala halina jina. Hufanyika popote wavuvi na wachuuzi wanapokutana. Wavuvi wengi hukaa kambini kwa majuma mazima, katika vibanda vya matete vilivyojengwa penye ardhi iliyoinuka kati ya mabwawa. Huko hakuna shamba wala duka. Kwa hiyo wachuuzi, walio wengi ni akina mama, huwaendea kwa mtumbwi wakichukua unga, chumvi, mafuta, sabuni na betri. Pengine hukutana nao njiani, mitumbwi ikagusana ubavu, na biashara ikaanza pale pale juu ya maji. Mazungumzo yao ni mafupi, kama haya:

«Yaya, leo wangapi?»

«Mama, mto umetunyima. Nina mapale kumi na wawili, na kambale wawili.»

«Nina unga debe moja na vipande viwili vya sabuni.»

«Unga weka. Sabuni ninayo. Toa chumvi.»

Mapale hao ndio samaki ambao wengine huwaita tilapia, nao hupendwa sana mezani. Penye fedha, hulipwa faranga za Kongo au kwacha za Zambia, kwa kuwa mto una kingo mbili na kila ukingo una fedha yake. Lakini kubadilishana unga kwa samaki hakujakoma, maana mvuvi aliye kambini hawezi kutafuna noti.

Mama huyo hajapata faida bado. Samaki wabichi wahitaji barafu na gari la haraka. Wasiopata barafu huchomwa kwa moshi au hutiwa chumvi na kuanikwa. Wakati wa mvua barabara ya Lubumbashi huharibika, na lori likikwama siku mbili, mzigo huanza kunuka. Wakifika salama, huuzwa katika masoko kama lile la Kenya, ambalo ni jina la mtaa wa Lubumbashi, si la nchi jirani. Mama ahesabu basi: bei ya unga aliotoa, nauli ya mtumbwi, kuni za kukaushia, chumvi, nauli ya lori, na samaki walioharibika. Wengi huhesabu fedha waliyopokea tu, wakasahau waliyotoa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto anayejua kujumlisha na kutoa aweza kumsaidia mama yake kwa daftari moja na kalamu, na hesabu ya darasani ikawa chakula cha nyumbani.

MASHAMBA UKINGONI

Jua likiisha kupanda, tugeuze mtumbwi tuelekee nchi kavu. Hapa twaona kwamba mto hulisha kwa njia mbili. Mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili huujaza mto, ukafurika mabondeni. Maji yanapopungua, huacha udongo wenye unyevu, na watu huupanda mara moja: mahindi, maboga, viazi vitamu, lengalenga na mboga nyingine. Bustani hizi hustawi wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa makavu.

Penye mwinuko ni nchi ya mihogo. Hulimwa juu ya matuta, kwa sababu mhogo hauvumilii kusimama ndani ya maji. Zao hili lina sifa ambayo hatuna budi kuikumbuka baadaye: halina msimu mmoja wa kuvunwa. Mhogo uliokomaa waweza kukaa ardhini miezi mingi ukimngoja mwenyewe. Huvunwa leo kikapu kimoja na kesho kingine. Ni ghala isiyohitaji paa.

Mihogo mingi ya huku ni michungu, nayo ina sumu. Kwa hiyo akina mama huiloweka majini siku kadhaa mpaka ilainike, kisha huianika na kuitwanga. Siku hizo zisipunguzwe kwa ajili ya haraka. Katika nchi ya Bandundu, magharibi ya Kongo, watu waliokula mihogo isiyolowekwa vizuri, tena bila kitoweo cha kutosha, walipatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu, nao hauponi.

Hapo ndipo twaelewa kwa nini mvuvi na mkulima huhitajiana. Bukari ya mihogo hushibisha na kutia nguvu, lakini haijengi mwili wa mtoto. Samaki hujenga mwili. Na chisense, kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, huimarisha pia mifupa na meno. Mtoto anayepewa bukari tupu huvimba miguu na uso, nywele zikapoteza rangi, ingawa tumbo limejaa. Mtumbwi wa unga unaokwenda kambini na mtumbwi wa samaki unaorudi ni mikono miwili inayolisha mtoto mmoja.

KIKAPU CHA UDONGO NA CHUNGU CHA MAJI

Watu wa Luapula wana hadithi ya kale inayofundisha jambo lilo hilo. Walikuwapo Washila, wavuvi wa mto, na mtawala wao aliitwa Nkuba. Nkuba alimwua mwana wa dada yake, Nachituti. Mama yule, kwa uchungu, alimwendea Mwata Kazembe akamwomba amlipie kisasi. Nkuba aliposhindwa, Nachituti alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake nchi na maji yake. Tazameni: hakutoa kimoja bila kingine. Udongo na maji vilikuwa zawadi moja.

Tena maji yale hayakuwa ya kila mtu kujifanyia apendavyo. Mabwawa yalikuwa na wenyewe, nao ndio waliosimamia uvuvi. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana juu ya mpaka, na mto ukawa mstari kati ya serikali mbili. Makao ya Mwata Kazembe yakabaki upande wa mashariki, ambao leo ni Zambia, ilhali wavuvi wa kingo zote mbili waliendelea kuvua maji yale yale.

MWISHO WA MPUMBU

Ndipo zikaja mashini za shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa Elisabethville. Maelfu ya wafanyakazi walikuja, na wafanyakazi hula. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki, wakawatia barafu na kuwapeleka mjini kwa malori. Mto uliokuwa ukilisha vijiji sasa ulitakiwa ulishe migodi.

Samaki aliyetafutwa kuliko wote aliitwa mpumbu. Wazee walimjua sana. Vijana wengi hawajapata kumwona. Kila mwaka mvua zilipoanza kuujaza mto, mpumbu walitoka ziwani kwa makundi makubwa wakapanda Luapula kwenda kutaga mayai. Kwa kuwa walipanda pamoja, kwa njia moja, tena kwa majira yanayojulikana, kuwavua hakukuwa kazi ngumu. Nyavu zilitandwa katika njia yao, zikaongezwa mwaka hata mwaka. Majike yalivuliwa yakiwa na mayai tumboni, kabla ya kutaga. Katika miaka ya 1940 bei ilikuwa nzuri, na kila mtu aliona faida. Mwishoni mwa miaka ile makundi yalianza kupungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imekwisha. Ule msafara mkubwa wa kila mwaka haukurudi tena.

Nani aliyemaliza mpumbu? Mvuvi alisema: Nisipovua mimi, atavua mwenzangu. Mnunuzi alisema: Mimi nanunua tu kilichokwisha kufa. Mwenye migodi alisema: Watu wangu lazima wale. Na serikali za kingo mbili, kila moja ilitazama ng'ambo. Kila mmoja alikuwa na neno la kujitetea, na samaki wakaisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Baadaye nyavu za nailoni zilichukua mahali pa zile za nyuzi za miti, na wavuvi wakageukia mapale. Nao walipopungua, chisense wakaja kuwa tegemeo la watu wengi, hasa tangu miaka ya 1980. Chisense huzaa upesi, na hiyo ni bahati yetu. Lakini tukishuka kutoka samaki mkubwa mpaka wa kati, na kutoka wa kati mpaka mdogo kuliko wote, je, baada ya huyu tutashuka kwa nani?

MIEZI MITATU YA NJAA

Upande wa Zambia sheria hufunga uvuvi katika maji haya kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Ni sheria yenye akili. Lakini samaki hana pasi ya kusafiria. Akiachwa upande mmoja na kuvuliwa upande wa pili, ameachwa bure. Tena wapo watu wanaovua kwa utupa, ambao huua wakubwa na wadogo pamoja. Wapo wanaokokota vyandarua vya mbu ukingoni, ambako vifaranga vya samaki hujificha. Chandarua kile kilitolewa kimkinge mtoto na malaria. Akikitoa kitandani na kukitia majini, mzazi amempokonya mtoto wake mara mbili: usiku huu amemwacha kwa mbu, na kesho amemnyima kitoweo.

Lakini tusimhukumu mvuvi upesi. Yeye huuliza, na swali lake ni la haki: «Miezi mitatu hiyo, watoto wangu wale nini?» Desemba na Januari mahindi bado ni mabichi shambani, na ghala za mwaka uliopita zimekuwa tupu. Kumwambia mtu mwenye njaa asivue, bila kumwonyesha chakula, ni kumtwisha mzigo usiobebeka.

Jibu liko katika ile ghala isiyo na paa. Mihogo huvumilia ardhini. Aliyepanda matuta ya kutosha mwaka jana na mwaka juzi, Desemba akifika ana chakula, naye aweza kuuacha wavu juu ya kamba bila watoto kulia. Asiyepanda hana hiari; hata akiipenda sheria, tumbo litamrudisha majini usiku. Kwa hiyo twasema kwamba mto haulindwi na askari peke yao. Hulindwa na jembe. Shamba ndilo mlinzi wa mto.

Mambo mengine husaidia pia. Mabwawa ya kufugia samaki si jambo geni kwetu: huko Kipopo, karibu na Lubumbashi, palikuwa na kituo cha ufugaji wa samaki tangu wakati wa Wabelgiji. Familia yenye kijito karibu yaweza kuchimba bwawa dogo, ikalisha samaki kwa majani na mabaki ya jikoni. Kukausha vizuri nako ni kulinda, maana samaki aliyeoza njiani amekufa bure, na mwingine lazima avuliwe mahali pake. Na wanunuzi, mnaokaa mbali na mto na kudhani hamna hatia, msinunue vifaranga, hata wakiwa rahisi. Katika siku za Kwaresima, samaki wanapotafutwa zaidi, kumbukeni kwamba soko ndilo linalomtuma mvuvi.

Nanyi wanafunzi, likizo ikifika, msione haya kushika jembe pamoja na wazazi. Hesabuni pamoja nao: nyumbani tu watu wangapi, twala mihogo vikapu vingapi kwa juma, na kuanzia Desemba mpaka Februari ni majuma kumi na matatu. Mkizidisha mtajua ni matuta mangapi yapasa kupandwa sasa. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini haikufanywa siku za mpumbu.

Babu zetu walikula mpumbu. Sisi twala mapale na chisense. Wajukuu wetu watakula nini? Jibu lake linapandwa mwaka huu, katika matuta ya mihogo.